SOMO LA LEO: Kabla hujatafuta mbwa mkali, pima kwanza muda wako

Masomo yetu mengi yamekuwa ya kuku, ng'ombe wa maziwa na mahindi. Leo tunamgeukia mnyama ambaye wafugaji wengi tunaye nyumbani, lakini ushauri wake hatuuombi mpaka mtu aumwe. Namzungumzia mbwa: namna ya kuchagua anayekufaa, hasa hizi aina zenye nguvu na uchangamfu mwingi ambazo vijana wanazipenda sana siku hizi, na namna ya kumfundisha.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niandike.

Mzee mmoja wa huku Butimba aliibiwa kuku mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Akanisimamisha njiani: "Dokta, nitajie mbwa mkali." Mimi nilikuwa nawahi ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nikamjibu hata pikipiki sijazima: "Tafuta German Shepherd, mzee wangu." Nikaondoka. Sikumuuliza ana eneo la ukubwa gani, nani atakayemtembeza huyo mbwa, wala kama pale nyumbani kuna watoto.

Baada ya miezi kama tisa akanipigia simu. "Mbwa wako ana wazimu, njoo umwone." Nilimkuta dume zuri la mbwa, limefungwa mnyororo wa hatua tatu chini ya mwembe. Ardhi yote ya mduara ule imechimbika. Anazunguka, anabweka, anang'ata mnyororo, anazunguka tena.

"Shikamoo mzee. Huyu anatoka nje mara ngapi kwa siku?"

"Marahaba. Atoke aende wapi, dokta? Si nimemleta alinde?"

Siku mbili kabla, mbwa huyo alikuwa amemuuma mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira. Nikaomba kadi ya chanjo. Hakuna. Mbwa hajawahi kuchanjwa kichaa. Basi familia mbili zikaanza safari za hospitali kwa ajili ya sindano za yule mtoto, na ujirani wa miaka mingi ukaingia ufa. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini mimi nililala vibaya siku zile, kwa sababu lile jibu langu la juu ya pikipiki lilichangia.

Mbwa yule hakuwa na wazimu. Hakuwa na kazi.

Kwa nini mbwa wa aina hizi hawatulii?

Kama vile ng'ombe wa Friesian alivyochaguliwa kizazi kwa kizazi kwa ajili ya maziwa, mbwa nao walichaguliwa kwa ajili ya kazi. German Shepherd alianza kuandikishwa rasmi kama aina huko Ujerumani mwaka 1899, na Max von Stephanitz, aliyesimamia jambo hilo, alitaka mbwa wa kuchunga kondoo: atembee kutwa nzima, akili iwe macho, amsikilize mchungaji. Malinois naye ni mbwa wa wachungaji wa Ubelgiji, na jina lake limetokana na mji wa Malines. Leo polisi na majeshi mengi duniani wanamtumia kwa sababu hachoki upesi na anapenda kazi kuliko chakula.

Sasa mchukue mnyama huyo, mfunge chini ya mwembe. Nguvu ile haipotei. Itatokea kwa njia nyingine: kuchimba, kubweka usiku kucha, kuua kuku wako mwenyewe, kuruka ukuta, na mwisho kuuma. Ni sawa na kununua trekta kwa ajili ya bustani ya mchicha, halafu ukalilaumu kwamba limeharibu matuta.

Mfano mzuri uko huku huku kanda yetu. Magharibi mwa Serengeti, taasisi ya Grumeti Fund ina kikosi cha mbwa wanaonusa pembe za ndovu, nyama pori na silaha za majangili. Kikosi hicho kimeshirikiana na shirika la Marekani liitwalo Working Dogs for Conservation. Shirika hilo lina kawaida ya kutafuta mbwa katika vituo vya mbwa waliotelekezwa, na linawapenda wale walioshindikana majumbani kwa sababu ya kuzidi uchangamfu: mbwa asiyetulia, anayetaka mpira urushwe toka asubuhi hadi jioni. Nyumbani mbwa huyo ni kero. Akipewa kazi, nguvu ile ile inamfanya anuse begi moja baada ya jingine bila kuchoka.

Jipime kwanza wewe: maswali sita

Chukua karatasi, jibu kwa ukweli. Hakuna anayekukagua.

1. Kwa siku una dakika ngapi za kuwa na mbwa? Usiandike unazotamani, andika ulizonazo. Kama unatoka saa 12 asubuhi na kurudi saa 2 usiku, na nyumbani hakuna mwingine mwenye nia, jibu lako ni sifuri.
2. Nani hasa atamtembeza? "Sisi wote" maana yake hakuna.
3. Eneo lako lina uzio? Huku milimani kwetu nyumba zimebanana katikati ya mawe, na njia ya jirani inapita mlangoni kwako. Mbwa anayeshtuka kila mtu akipita atashtuka mara mia kwa siku.
4. Kuna watoto au wazee nyumbani? Mbwa wa kilo 35 akiruka kwa furaha tu anaweza kumwangusha bibi.
5. Chakula kipo? Mbwa mkubwa anayefanya kazi anakula sana, na makombo ya mezani hayamtoshi.
6. Unataka akufanyie nini? Kubweka mgeni akija? Kutembea na ng'ombe? Kulinda godauni? Kila kazi ina mbwa wake.

Swali la sita ndilo linalookoa fedha za wengi. Wengi mnataka tu king'ora, yaani mbwa wa kubweka mwizi akikaribia. Kwa kazi hiyo huhitaji mbwa wa polisi.

Aina za mbwa na mtu anayezifaa

*Mbwa wa kienyeji.* Tunamdharau kwa kumwita koko, lakini koko ni yule asiye na mwenyewe. Huyu wa kienyeji akitunzwa anastahimili joto letu, hali chakula kingi, ana masikio mepesi na anajifunza haraka. Matembezi na mazoezi ya dakika 45 hadi saa moja kwa siku yanamtosha. Anamfaa mwenye nyumba ya kawaida, mfugaji wa kuku, na mchungaji. Kwa familia nyingi za Butimba, Mkuyuni na Nyegezi, ushauri wangu ni huyu.

*Chotara wa kienyeji na German Shepherd.* Wengi ninaoletewa wakiitwa "German Shepherd" ni hawa. Si vibaya, ila huwezi kujua atamfuata mzazi yupi. Mwombe muuzaji akuonyeshe mama yake. Mama mwoga au mkali kupita kiasi, achana na watoto wake.

*German Shepherd halisi.* Dume lina kilo 30 hadi 40. Anahitaji saa moja na nusu hadi mbili za mwendo na mafunzo kila siku. Anamfaa mwenye uzio, mwenye kijana makini aliyepewa jukumu hilo, au mwenye shamba.

*Malinois.* Huyu ni wa mtu ambaye mbwa ndiyo kazi yake: mlinzi aliyefunzwa, askari, mkufunzi. Saa mbili ni mwanzo tu, na lazima kichwa chake pia kipate kazi. Kama huyo ndiye atakuwa mbwa wako wa kwanza, nakuomba usimchukue. Nasema hivi kwa kumhurumia yeye na wewe.

*Rottweiler na Boerboel.* Hawa hawakimbii kama wale wawili, lakini ni wazito, dume linafika kilo 50 na zaidi. Rottweiler anatokana na mbwa wa wafanyabiashara wa ng'ombe wa mji wa Rottweil, Ujerumani, na Boerboel ni mbwa wa mashambani Afrika Kusini. Ubishi wake ukimwachia akiwa mdogo, akikua huwezi kumshika kwa mkono. Wanamfaa mtu mtulivu mwenye uzoefu na uzio imara.

*Rhodesian Ridgeback.* Mbwa wa kusini mwa Afrika mwenye mstari wa manyoya yaliyogeuka mgongoni. Vigezo vyake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Alitumika kwenye uwindaji wa simba, kwa hiyo kukimbia ni asili yake. Mbuzi wa jirani akikimbia mbele yake, umepata kesi. Anafaa mashamba makubwa.

Mafunzo: samaki mkunje angali mbichi

Usimtoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya wiki 8. Watu wanawachukua wa wiki nne ili "wamzoee mwenyewe", kumbe wanakosa kujifunza kwa mama na ndugu zao kiasi cha kung'ata wanapocheza.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, akili ya mbwa iko wazi kupokea vitu vipya. Alichokizoea wakati huu hatakiogopa ukubwani. Kwa hiyo mwonyeshe bodaboda, mwenye mwavuli, mwenye ndoo kichwani, watoto wa shule, ng'ombe, kuku, ngurumo za mvua. Mbebe mikononi ukimpitisha mitaani mpaka chanjo zake zikamilike, usimshushe penye vinyesi vya mbwa wengine. Mbwa wengi tunaowaita wakali ni waoga. Waliona geti na mnyororo tu utotoni, sasa kila kitu ni adui.

Baada ya hapo, fuata kanuni hizi:

Amri moja, neno moja, nyumba nzima. Baba anasema "kaa", mama "keti", mtoto wa shule anasema "siti", halafu mbwa anaambiwa mbishi. Chagueni maneno matano: *kaa, njoo, subiri, acha, lala*. Yabandike ukutani kama ni lazima.

Zawadi itolewe papo hapo. Mbwa anaunganisha tendo na kilichofuata ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa, unamlipa kwa kitu kingine. Huku kwetu zawadi ni rahisi: dagaa mkavu mmoja. Mmoja tu, si kiganja.

Muda mfupi, mara nyingi. Mtoto wa mbwa dakika 5, mara tatu kwa siku. Mkubwa dakika 10 hadi 15. Malizeni akiwa bado anataka kuendelea.

Kufundisha "kaa". Shika dagaa karibu na pua yake, upandishe taratibu kuelekea juu ya kichwa. Kichwa kikienda juu, makalio yatashuka. Yakigusa chini, sema "kaa" na mpe. Usimkandamize mgongoni.

Kufundisha "njoo". Huyu ndiye mfalme wa amri zote. Mwite ukiwa hatua mbili, mpe zawadi. Kisha hatua tano, kisha kumi, ukitumia kamba ndefu. Usimwite "njoo" halafu ukampiga au kumfunga mnyororo. Ukifanya hivyo mara tatu, amri imekufa. Huku kwetu jaribio kubwa ni pimbi na wale mijusi wenye vichwa vyekundu juu ya mawe. Mbwa wako akimwacha pimbi akakurudia, umefuzu wewe na yeye.

Kufundisha "acha". Funika dagaa kiganjani. Atanusa, atakwaruza. Nyamaza. Akirudi nyuma tu, sema "acha", kisha mpe dagaa mwingine kutoka mkono wa pili. Amri hii ndiyo itakayookoa kuku wako.

Kutembea na kamba. Kamba ikivutwa, simama. Ikilegea, endelea. Siku ya kwanza mtatumia nusu saa kufika kona ya nyumba. Vumilia.

Fimbo ni hapana. Najua wengi tulilelewa kwa fimbo na tunadhani mbwa naye. Mbwa anayepigwa akinguruma anajifunza kutonguruma. Siku nyingine atauma bila kuonya. Kunguruma ni onyo lake, usimnyang'anye. Tena kuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza kumtesa mnyama.

Ratiba ya siku kwa mtu wa huku

- Saa 12 asubuhi: matembezi ya haraka dakika 40, jua halijapasha mawe. Mchana mawe yetu yanachoma nyayo za mbwa, na joto linaweza kumuua.
- Asubuhi baada ya kupumzika: chakula, kisha kulala kivulini na maji safi.
- Mchana: kazi ya kichwa dakika 10. Ficha dagaa ndani ya kitambaa au boksi, avitafute. Kunusa kunamtuliza.
- Saa 11 jioni: mafunzo dakika 15, kisha matembezi.
- Usiku: afunguliwe ndani ya uzio. Huo ndio ulinzi.

Ukienda naye upande wa ziwani, usimwachie aogelee ovyo. Mamba na kiboko wapo ziwani na hawachagui. Na njiani mshike kwa kamba fupi: watu wengi wanaogopa mbwa, na jirani yako Mwislamu akiguswa na mate ya mbwa inambidi ajitwaharishe. Heshima hiyo ndogo inakulindia ujirani.

Afya: hapa hakuna mjadala

*Chanjo ya kichaa cha mbwa:* kwanza akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Tunza kadi. Wataalamu wanasema ili kichaa kisienee, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 katika eneo wawe wamechanjwa. Kwa hiyo mbwa wako anamlinda hata mtoto wa jirani. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ulizia ofisi ya mifugo ya kata yako kuhusu siku za chanjo.

*Chanjo ya mchanganyiko*, ikiwemo ya pavo, ule ugonjwa unaomharisha mtoto wa mbwa damu: inaanza wiki ya 6 hadi 8 na inarudiwa kwa maelekezo ya daktari wa mifugo.

*Kupe na minyoo:* aina za kigeni zinaathirika sana na magonjwa ya kupe. Usimwogeshe mbwa kwa dawa ya ng'ombe kwa kukisia, unaweza kumuua.

*Chakula:* ugali wa dona na dagaa waliochemshwa, au mapanki. Mapanki yachemshwe mpaka miiba ilainike kabisa au yasagwe, maana miiba ya sangara inachoma koo na utumbo. Usimpe mabaki ya machinjioni mabichi, minyoo ya hatari inapitia huko.

Mtu akiumwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiweke majani, usiweke mafuta ya taa. Malizia sindano zote utakazopangiwa. Mbwa asiuawe haraka. Afungiwe mahali salama, aangaliwe kwa siku 10, na ofisi ya mifugo ijulishwe. Dalili za kichaa zikianza kwa mtu, tiba haipo tena.

Yule mbwa wa mzee

Tulimwangalia siku 10, hakuwa na kichaa. Tukamchanja. Nilikaa na mzee tukajibu yale maswali sita pamoja, na swali la kwanza likatushinda: magoti yake hayapandi mlima, na wajukuu wako shule. Tukamtafutia mbwa mfugaji wa ng'ombe mwenye shamba lenye uzio na kijana anayependa mbwa. Nilimpitia baada ya miezi minne. Anatembea na ng'ombe kutwa, jioni analala mlangoni. Kwa wageni bado tunamshika kamba, maana aliyewahi kuuma anaweza kurudia, lakini lile zunguka-zunguka limekwisha.

Mzee naye sasa ana jike la kienyeji, amelihasisha, amelichanja, amelifundisha "kaa" na "acha" yeye mwenyewe akiwa kwenye kiti chake. Kuku hawajaibiwa tena. Yule mtoto wa jirani sasa anapiga hodi kwanza, na mzee humrudishia mpira kwa mkono wake.

Kwa kumalizia

Chagua mbwa kwa saa ulizonazo, usimchague kwa sura yake wala kwa sifa za mitaani. Kama una nusu saa kwa siku, chukua mbwa wa nusu saa. Na kama huna hata hiyo, nunua taa, rekebisha mlango wa banda, uache mbwa apate mwenye muda.

Na wewe mtaalamu mwenzangu, ukiulizwa swali la mbwa, zima pikipiki kwanza.

Tukutane somo lijalo, tutarudi kwenye kuku: matayarisho ya banda kabla ya kupokea vifaranga.